Ndoto Haitengenezwi kwa Ukungu

"Ukungu tutauweka wakati wa kuhariri." Wiki iliyopita nimeambiwa hivyo tena, safari hii na kijana aliyenifuata mtaani Sakina, Arusha, na skripti ya binti anayeongea na marehemu bibi yake. Mimi ni mpiga picha wa filamu, seti pia napanga mwenyewe, na maneno hayo nimeyasikia Arusha na Moshi mpaka masikio yameota sugu.

Watu wanaamini dunia halisi na dunia ya kufikirika hutenganishwa na mhariri. Piga vyote sawasawa, kisha ndotoni ongeza bluu kidogo, fifisha kingo, tia mwangwi kwenye sauti, basi.

Hapana. Mtazamaji anaona picha ileile, ila imechafuka. Kuna kazi tuliipiga Moshi, jikoni kwa mama mmoja. Binti kakaa kwenye kigoda, ndoo ya bluu pembeni. Ndotoni: jiko lilelile, kigoda kilekile, ndoo ileile, kamera palepale, na ukungu juu yake. Tulipowaonyesha majirani, mzee mmoja akauliza kama lenzi ilikuwa na mafuta. Sikuwa na la kumjibu.

Tukarudia. Upande wa uhalisia tukatoa kila chenye bluu: ndoo, kanga, hata mfuniko wa chupa ya chai. Kamera tukaifunga kwenye stendi, usawa wa macho ya mtu mzima. Ndotoni tukairudisha ndoo peke yake, katikati ya sakafu. Kamera tukaishusha mpaka usawa wa sufuria, ikawa inasogea polepole bila kutulia. Taa tukaihamishia nyuma ya binti, kivuli chake kikamtangulia. Kwenye kompyuta tulikata na kuunga tu. Safari hii mzee hakuuliza habari za lenzi. Aliuliza ile ndoo ni ya nani.

Wala ujanja huu si wangu. The Wizard of Oz ya 1939, pale binti Dorothy, kwenye picha ya kahawia tupu, anapofungua mlango na kuingia Oz, dunia ya kufikirika yenye rangi: watu wengi hudhani ni mazingaombwe ya maabara. Shoti ile ilipigwa kwa filamu ya rangi. Ndani ya nyumba palipakwa rangi ya kahawia, na anayefungua mlango ni mbadala wa Judy Garland, mwigizaji wa Dorothy, kavalishwa gauni la kahawia. Anajitoa kwenye fremu, kisha Garland mwenyewe anaingia na gauni lake la bluu. Kopo la rangi na mshonaji! Kwa hiyo mteja akinitajia programu ya kuhariri kabla hajanitajia rangi ya ukuta, najua tuna safari ndefu.

Wengine hushikilia kwamba dunia ya kufikirika lazima iwe na rangi nyingi kuliko ya kweli. A Matter of Life and Death, filamu ya Uingereza ya 1946, iligeuza kibao: duniani kuna rangi, ng'ambo ya kifo ni nyeusi na nyeupe. Na mwongozaji Guillermo del Toro, kwenye Pan's Labyrinth ya 2006, hakutegemea rangi peke yake. Kwa kapteni, kwenye dunia halisi, ni rangi za baridi na mistari iliyonyooka. Kwenye dunia ya kufikirika ya binti ni dhahabu, wekundu na maumbo ya mviringo. Chagua kanuni yako, uishike. Ukiivunja, uwe na sababu.

Grini skrini, kile kitambaa cha kijani cha kubadilishia mandhari? Huihitaji. Mwezi wa saba Arusha asubuhi mara nyingi ni wingu tupu, mwanga laini usio na kivuli. Piga uhalisia hapo, ndoto uisubirishe hadi saa kumi jua likitoka na vivuli vikirefuka. Bure kabisa.

Na yale maandishi ya "NDOTONI" chini ya skrini, naomba tusiyajadili.

Kijana wa Sakina nimemwambia aniletee kwanza orodha ya nguo za binti na rangi ya kila ukuta. Jana kanitumia ujumbe: anauliza kama ukungu unaweza kuwa wa zambarau.