Tendo linaloujaza muda na tendo linalotokea ndani yake: mipaka ya wakati na mahali katika Kijapani

Anayeanza kujifunza Kijapani hukutana mapema na jozi ya "kara" na "made", vihusishi viwili vinavyokaa nyuma ya nomino na kuonyesha jambo linapoanzia na linapokomea. Jozi hiyo hiyo hutumika kwa mahali na kwa wakati. Reli ya Shinkansen, ya treni za mwendo kasi, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964 inakwenda "Tōkyō kara Shin-Ōsaka made", yaani kutoka Tokyo hadi Shin-Osaka, na ofisi nyingi hufanya kazi "getsuyōbi kara kin'yōbi made", kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili hili ni jepesi, kwani "hadi" yetu nayo hubeba mambo yote mawili. Wepesi huo, hata hivyo, humfanya aamini kwamba kila penye "hadi" pataingia "made", na imani hiyo ndiyo ninayotaka kuiondoa hapa. Kijapani humtaka msemaji aamue jambo ambalo Kiswahili mara nyingi hukiachia kisa chenyewe: je, tendo linaujaza muda wote unaotajwa, au linatokea mara moja tu ndani yake?

Tuchukue siku ya Ijumaa. "Kin'yōbi made hatarakimasu" maana yake ni kwamba nitafanya kazi mfululizo mpaka Ijumaa. Kuwasilisha ripoti ni jambo tofauti, kwa kuwa ripoti huwasilishwa mara moja na shughuli ikaisha. Hapo ni lazima kusema "kin'yōbi made ni dashimasu", nitaiwasilisha kufikia Ijumaa. Katika ofisi zetu mtu anaweza kusema "una nafasi ya kuileta hadi Ijumaa" na kila mmoja akaelewa kwamba hiyo ni tarehe ya mwisho. Mjapani anayesikia "made" bila "ni" katika sentensi ya namna hiyo ataona mtu anayetakiwa kuwasilisha ripoti tena na tena mpaka Ijumaa ifike. Kipimo ninachowapa wanafunzi wangu ni neno "zutto", yaani muda wote bila kukatiza: likikubalika katika sentensi, tumia "made", likikataliwa, tumia "made ni".

Tofauti hiyo hiyo inajitokeza katika "aida", neno la nafasi iliyo kati ya mipaka miwili, na ninasikitika kwamba vitabu vingi huyafundisha mambo haya mawili katika masomo yaliyo mbalimbali, kana kwamba hayana undugu. "Natsuyasumi no aida, Kyōto ni imashita" inasema nilikuwa Kyoto likizo yote ya kiangazi, ilhali "natsuyasumi no aida ni Kyōto e ikimashita" inasema nilikwenda Kyoto katika siku fulani za likizo hiyo. Kazi ya "ni" ni ile ile: inabandika tendo kwenye nukta moja iliyomo ndani ya kipindi. Tukihamia kwenye mahali, tunasema "Tōkyō to Ōsaka no aida ni Nagoya ga arimasu", kati ya Tokyo na Osaka kuna Nagoya, na mji huo unakuwa nukta katika njia ndefu. Anayeshika kanuni hii mara moja hahitaji kukariri jozi hizo kando kando.

Vitenzi vina tahadhari yake. Mbele ya "made" kitenzi hubaki katika umbo la kamusi hata habari ikiwa ya jana: "tomodachi ga kuru made machimashita", nilisubiri mpaka rafiki alipofika. "Kara" ni hatari zaidi, kwani "kuru kara" ni "kwa sababu anakuja". Ukitaka kusema "baada ya kuja" sema "kite kara".

Kuna pia mipaka isiyo na ukingo mkali, na hapa ndipo Kijapani kinaponipendeza zaidi. Utabiri wa hali ya hewa husema "konban kara asu no asa ni kakete", kuanzia usiku wa leo kuelekea kesho asubuhi, kwa kuwa hakuna anayeweza kuahidi dakika ambayo mvua itakatika, na huenda ikanyesha na kuacha. Maua ya "sakura" mjini Tokyo kwa kawaida huchanua mwishoni mwa Machi "kara" mwanzoni mwa Aprili "ni kakete". Kwa mahali, mvua hunyesha "Kyūshū kara Kantō ni kakete", kuanzia kisiwa cha Kyūshū kuelekea eneo la Kantō. Saa za kazi, ambazo mipaka yake imewekwa, hazifai kutajwa hivyo. "Ni watatte" haishughuliki na mwanzo wala mwisho, bali na ukubwa wa eneo zima: kipindi cha Edo katika historia ya Japani, kuanzia 1603 hadi 1868, kilidumu "260 nen ijō ni watatte", kwa zaidi ya miaka 260, na umeme hukatika "hiroi han'i ni watatte", katika eneo pana. Msemaji anaonyesha kwamba anauona ukubwa huo kuwa wa kutajika, ndiyo maana kusema "dakika tano ni watatte" kuhusu kusubiri basi kunasikika vibaya. Kuvifasiri vyote viwili kwa "kwa muda wa" ni kumnyima mwanafunzi tofauti yenyewe.

Katika matangazo ya umma, alama ya wimbi kati ya tarakimu mbili husomwa "kara", na "made" huongezwa mwishoni ingawa haikuandikwa. "Jūhassai ika", miaka 18 kushuka chini, humjumuisha mwenye miaka 18, lakini "jūhassai miman", chini ya miaka 18, humwacha nje. Baa inayoandika 18:00～26:00 inafunguliwa saa kumi na mbili jioni na kufungwa saa nane za usiku, kwa sababu saa zinazopita usiku wa manane zinahesabiwa kuwa sehemu ya siku ya kazi iliyotangulia.