Kinachoshikilia vitu visiachane: tunayoambiwa na yaliyo kweli

"Zege likikauka ndiyo linashika"

Hii ndiyo dhana inayowagharimu watu pesa nyingi kuliko nyingine zote. Slabu imemwagwa asubuhi, jua linawaka, na mwenye nyumba anashukuru kwamba litakauka upesi. Fundi naye, kwa kuwa analipwa kwa kazi na si kwa siku, hana sababu ya kumkatalia.

Saruji haishiki kwa kukauka. Inashika kwa kunywa maji. Chembe zake zikikutana na maji, madini ya kalisi na silika yaliyochomwa kiwandani huanza kuyeyuka kidogo kidogo, kisha hujiunda upya yakiwa dutu nyingine yenye maji ndani yake. Dutu hiyo huota kutoka chembe moja kwenda nyingine, vijani na vinyuzi vidogo mno visivyoonekana kwa macho, hadi vinasukana. Kati yake hukua fuwele za chokaa. Msuko huo ndio unaokamata mchanga na kokoto. Sehemu ya maji uliyotia haitoki tena, imekuwa jiwe. Ndiyo maana zege linaweza kumwagwa chini ya maji na kuganda vizuri, mradi limwagwe kwa ustadi lisioshwe saruji yake, na ndiyo maana nguzo za madaraja husimama mtoni.

Basi slabu ikikauka mapema, mmenyuko huo wa kikemia kati ya saruji na maji umekatwa njiani. Juu inaonekana ngumu, lakini ukiikwaruza kwa msumari inatoa vumbi. Dawa yake inajulikana na ni rahisi: magunia mabichi, mchanga uliolowa, au karatasi ya nailoni juu yake, kwa siku 7 angalau. Maabara hupima nguvu ya zege siku ya 28 kwa sababu ndivyo ilivyokubaliwa, na kwa sababu kufikia hapo sehemu kubwa ya nguvu imeshapatikana. Mmenyuko wenyewe huendelea kwa miezi na hata miaka, mradi ndani kuna unyevu.

Kosa la pili huja kutoka upande mwingine: kuongeza maji ili zege liteleze vizuri kwenye koleo. Mfuko wa kilo 50 unahitaji takriban lita 12 za maji kwa mmenyuko wenyewe, na takriban lita 9 nyingine hunaswa ndani ya vitundu vidogo vya ile dutu mpya. Jumla lita 21 hivi. Ukitia lita 25, sawa, zege linahitaji kufanyika kazi. Ukitia 35, hizo za ziada zitatoka siku moja kwa mvuke na kuacha vinjia vitupu kila mahali. Kati ya lita 25 na 35 kwa mfuko, nguvu inaweza kushuka kwa zaidi ya theluthi, na hakuna kiasi cha kumwagilia kitakachoirudisha. Na katika hesabu hiyo mchanga uliolowa mvua nao unahesabiwa. Mafundi wengi huusahau.

Anayetilia shaka kwamba huu ni mmenyuko na si kukauka aweke mkono juu ya zege nene saa chache baada ya kumwagwa. Lina joto. Wajenzi wa bwawa la Hoover kule Marekani, miaka ya 1930, walilazimika kulaza ndani ya zege zaidi ya kilomita 900 za mabomba membamba na kupitisha maji baridi, maana bila hivyo joto hilo lingechukua zaidi ya karne kutoka, na bwawa lingepasuka.

"Kifungo cha kikemia kikivunjika, nishati inatoka"

Wanafunzi wengi wa sekondari wanaiamini hii, na sehemu ya lawama ni ya vitabu vinavyosema nishati "imehifadhiwa ndani ya vifungo". Ukiisikia hivyo, unadhani kifungo ni chupa ya soda: ukikifungua, kitu kinaruka nje.

Ni kinyume chake. Kuvunja kifungo chochote kunagharimu nishati. Nishati hutoka pale kifungo kinapoundwa. Chukua mkaa, ambao tuseme ni kaboni tupu. Kuzing'oa atomi za kaboni zilizo katika gramu 12 za mkaa ziachane kabisa kunataka kilojuli 717 hivi. Kuzitenganisha atomi za oksijeni zitakazoungana nazo kunataka 498 nyingine. Hapo umeshatumia 1,215 na hujapata chochote. Kisha kaboni inaungana na oksijeni, na vifungo vipya vya hewa ukaa vinarudisha karibu 1,608. Tofauti, kilojuli 393, ndiyo iliyochemsha maharage. Jiko linahitaji kiberiti kwanza kwa sababu lazima gharama ya kuvunja ilipwe mwanzoni na mtu mwingine.

Joto la zege linatoka kwa njia hiyohiyo: vifungo vipya ni imara kuliko vya awali, na tofauti inatoka nje.

"Chokaa na saruji ni kitu kimoja, saruji ni ya kisasa tu"

Vinafanana rangi na vyote vina kalisi. Namna ya kushika ni tofauti kabisa.

Matumbawe ni kalisi kaboneti. Ukiyachoma kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 900 hivi, hewa ukaa inatoka na kubaki chokaa hai. Ukiimwagia maji inachemka na kuvimba, unapata chokaa iliyozimwa. Hiyo ikijengewa ukuta, haigandi kwa maji. Inaganda kwa kurudisha hewa ukaa iliyoipoteza tanurini, ikiivuta kutoka hewani taratibu, kuanzia nje kwenda ndani. Mwisho wake inarudi kuwa kalisi kaboneti. Kwa maneno mengine, kuta za kasri la Husuni Kubwa pale Kilwa Kisiwani, zilizojengwa karne ya 14, ni matumbawe yaliyounganishwa kwa dutu ileile ya matumbawe.

Kwa hiyo chokaa ya kawaida ukiifungia isipate hewa haigandi, na saruji ukiinyima maji haigandi. Si suala la nadharia tu. Nyumba za zamani za Mji Mkongwe na Lamu zina kuta nene zinazonywa unyevu na kuutoa tena kupitia lipu ya chokaa. Mtu anapokuja na lipu ya saruji, ngumu na isiyopitisha unyevu kama inavyotakiwa, maji yanabaki ndani. Chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, boriti zinaoza kwenye vichwa vilivyoingia ukutani, na lipu yenyewe inabanduka ikiwa imeondoka na ngozi ya ukuta. Mwenye nyumba anasema ukuta ni wa zamani umechoka. Ukuta ulikuwa salama kabla ya ukarabati.

"Nondo imeganda na saruji, basi"

Kiasi kidogo tu. Saruji hushikamana na uso wa chuma, lakini mshiko huo huachia nondo ikisogea kidogo mno. Kinachofanya kazi baada ya hapo ni msuguano, na zaidi ya yote zile mbavu. Zege lililoganda kati ya ubavu na ubavu haliwezi kupita, na nondo haiwezi kuchomoka bila kulivunja. Huo ni mshiko wa kimaumbo, hauna kemia ndani yake. Nondo laini zisizo na mbavu hukunjwa ndoano mwishoni kwa sababu hiyo.

Kuna bahati moja ya maumbile ambayo watu hawaitaji: chuma na zege hutanuka karibu sawa kwa joto. Urefu wa mita 10, joto likipanda nyuzi 30, chuma hurefuka milimita 3.6 na zege karibu 3. Kama tofauti ingekuwa kubwa, jua la kila siku lingekuwa linaachanisha nondo na zege polepole.

Kuhusu kutu, watu hugombana bure. Kutu nyepesi ya rangi ya chungwa haipunguzi mshiko. Kutu iliyobanduka kwa magamba ndiyo ya kusuguliwa kwa brashi ya waya. Kinachotakiwa kuogopwa zaidi ni oili chafu. Mafundi huipaka kwenye mbao za zege ili zisigande, na ndoo ikimwagika juu ya nondo hakuna anayejisumbua kuifuta. Halafu kuna mchanga wa baharini. Zege ni besi kali, na ndani yake chuma hujivika utando mwembamba unaokizuia kushika kutu. Chumvi huutoboa utando huo. Kutu inayofuata huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe, na zege linapasuka kutoka ndani.

"Kilichopigwa misumari ni imara kuliko kilichofungwa kamba"

Msumari hushika kwa sababu nyuzi za mbao ulizozisukuma pembeni zinaubana. Ni msuguano mtupu. Mbao ikiwa mbichi wakati wa kugonga, ikikauka inasinyaa na kulegea, na kitanda kinaanza kulia usiku.

Mitepe, vyombo vya zamani vya pwani yetu, ilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi na kusafiri bahari hiihii. Chombo kilichoshonwa hujikunja kidogo na wimbi, na kikikokotwa mchangani hakipasuki kirahisi kwenye maungio. Zamani kulikuwa na hadithi kwamba vyombo vya Bahari ya Hindi vilishonwa kwa kuogopa milima ya sumaku iliyong'oa misumari. Procopius, mwanahistoria wa karne ya 6, aliikataa kwa hoja fupi: meli za Warumi katika Bahari ya Shamu zilikuwa na vyuma tele na hazikupatwa na lolote.

"Gundi ikiwa nyingi inashika zaidi"

Supaglu iligunduliwa na Harry Coover wa Kodak mwaka 1942, akaitupa kando kwa sababu ilinata kila mahali. Ilianza kuuzwa mwaka 1958. Inaganda kwa unyevu, ule kidogo uliopo juu ya karibu kila kitu. Tabaka likiwa jembamba, unyevu unalifikia lote. Likiwa nene, katikati hubaki majimaji na pembeni hugeuka ukoko. Tone moja, bana, subiri. Usiifute kwa pamba: pamba huiharakisha hadi inatoa joto la kuunguza vidole.

Msasa nao unasifiwa kwa jambo lisilo lake. Watu husema unatengeneza mashimo ya gundi kujishikiza. Mara nyingi faida yake kubwa ni kuondoa uchafu, mafuta na rangi iliyochoka. Gundi iliyoshika vumbi imeshika kweli. Vumbi ndilo halijashika ukuta.

Na kuna vitu ambavyo havikubali hata uvisugue vipi. Ndoo na beseni za plastiki ya kawaida ni mfano. Mwagia tone la maji juu ya beseni: linajikusanya, halitambai. Gundi nayo hufanya hivyo, na isipotambaa haifiki karibu vya kutosha kushika. Mafundi wa mtaani wanaoshona beseni kwa uzi wa nailoni au kuliziba kwa chuma cha moto hawabahatishi. Wameacha kemia iliyokataa, wakachukua kushona na kuyeyusha.

"Mjusi kafiri ana gundi miguuni"

Hana. Hanyonyi ukuta pia. Nyayo zake zina vinyweleo vingi mno, kila kimoja kikigawanyika kwenye ncha za upana wa karibu milimita 0.0002. Ncha hizo hufika karibu sana na dari kiasi kwamba ule mvuto hafifu uliopo kati ya molekuli zozote mbili hujumlishwa hadi ukabeba mjusi mzima. Kellar Autumn na wenzake walionyesha hivyo mwaka 2000 na 2002, kwa mijusi ya jamii ya tokei ya Asia. Mvuto huo huo upo kati ya kiganja chako na ukuta. Kiganja kina mabonde na hakifiki karibu.

"Gundi ya bomba ni gundi"

Ile ya mabomba ya PVC huyeyusha uso wa plastiki. Minyororo ya molekuli za bomba na za kiungio huchanganyikana, kiyeyushi kinapotoka vinabaki kipande kimoja. Hapa, tofauti na zege, kukauka ndiko kunakotakiwa. Kwa hiyo anayefungua maji baada ya dakika tano anapima bahati yake.

Usiipeleke gundi hiyo kwenye mabomba ya PPR, ambayo ni plastiki ya aina nyingine, haitaiyeyusha. PPR huunganishwa kwa mashine ya joto la nyuzi 260. Bomba la milimita 20 hupashwa sekunde 5, halafu una sekunde 4 za kulichomeka moja kwa moja, bila kulizungusha. Fundi anayelizungusha "lishike vizuri" anavuruga plastiki iliyoanza kuungana, na anayelisukuma kupita kiasi anajaza plastiki ndani na kuziba njia ya maji. Kisha dakika 2 bila kuguswa. Kiungio kizuri kina pete mbili safi za plastiki pembeni, na ukikikata kwa msumeno huoni mstari unaotenganisha bomba na kiungio.