Kumsikiliza mlalamishi hakuui ubongo

Ujumbe huu hauchoki kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: ukimsikiliza mtu anayelalamika kwa nusu saa, seli za ubongo wako zinakufa, basi ukate mguu kwake. Si kweli.

Hisia huambukiza, hilo lina ushahidi. Kaa barazani na aliyenuna, nawe utakunja uso. Lakini hali hiyo hupita. Mkanganyiko unatokana na jambo jengine: msongo mkali wa muda mrefu huweza kuathiri hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu. Hayo ni mambo ya miezi na miaka, si ya kikombe kimoja cha kahawa pale Jaws Corner, kijiwe cha kahawa cha Mji Mkongwe, Zanzibar.

Ujumbe huo unaweza kuuhakiki mwenyewe. Nani kafanya utafiti, mwaka gani, kauchapisha wapi? Utakuta "wanasayansi" tu.

Na mlalamishi mwenyewe (karafuu bei mbaya, boti imechelewa, kahawa imepoa) mara nyingi ni ami yako; utamkimbilia wapi? Mwambie "pole, ami", muulize anataka kusaidiwa nini, ukichoka aga kwa adabu. Ujumbe ule ukikufikia, usiupeleke kwa mwengine.