"Mama, njoo umchukue": dhana potofu kuhusu mtoto mwenye mahitaji maalumu anayerudishwa nyumbani

Simu huingia kazi za asubuhi hazijafika hata nusu. "Mama, mwenzetu leo hajatulia kabisa, njoo umchukue." Mara ya kwanza unasema ni bahati mbaya. Mara ya tano unaona aibu kusimama langoni. Kisha siku moja unaambiwa asirudi mpaka utakapoitwa, na mtoto mwenyewe ana miaka 5. Hapo ushauri humiminika: wa ndugu, wa majirani, wa wazazi wenzako. Mwingi unatoka moyoni, lakini umejengwa juu ya mambo ambayo si kweli. Nitayapitia yanayosikika zaidi, na sitayapa nafasi sawa kwa kuwa hayaumizi sawa.

"Hajafukuzwa, amepumzishwa tu"

Naanza na hili kwa sababu ndilo linalowaponza wazazi wengi. Neno kufukuzwa halitajwi kabisa. Utasikia apumzike kidogo, akae nyumbani hadi atulie, asome kwa saa mbili tu kila siku, safari ya darasa asiende. Kila moja, likisimama peke yake, lina sura ya busara. Yajumlishe uone: mtoto amekosa nusu ya muhula na hakuna karatasi hata moja inayosema hivyo.

Ukweli ni kwamba mtoto akizuiwa kuwa darasani wakati wenzake wamo, ameondolewa masomoni, liitwe vyovyote litakavyoitwa. Tena kuondolewa kwa mdomo ni kubaya kuliko kuondolewa kwa barua. Barua ina sababu, ina muda, na unaweza kuikatia rufaa. Maneno ya langoni hayana cha kushika. Ndiyo maana England mwongozo wa serikali unasema kumrudisha mwanafunzi nyumbani "akatulie" bila kufuata utaratibu rasmi ni kinyume cha sheria, hata mzazi akikubali. Nchini Marekani, shule ikitaka kumwondoa kwa adhabu mwanafunzi mwenye ulemavu kwa zaidi ya siku 10 za masomo mfululizo, lazima kikao kiangalie kwanza kama kosa lilitokana na ulemavu wake, au na shule kushindwa kutekeleza mpango wake wa elimu. Nchi yako ina taratibu zake, na mahali pa kuziuliza ni ofisi ya elimu iliyo juu ya shule hiyo. Lakini huwezi kuuliza juu ya jambo ambalo kwenye rekodi halijatokea.

Kwa hiyo andika. Jioni ile ile tuma ujumbe wa heshima: "Mwalimu, leo saa 4 asubuhi nilipigiwa simu nimchukue mtoto. Naomba kujulishwa kwa maandishi sababu, muda atakaokaa nyumbani, kazi za kufanya na siku ya kurudi." Hakuna ugomvi humo. Wapo wanaoamini kwamba kuomba maandishi ni kumchokoza mwalimu, na kwamba mtoto ndiye atakayelipia. Uzoefu huonyesha kinyume mara nyingi: mwalimu wa darasa naye huwa amechoka kuomba msaada bila kupewa, na barua ya mzazi humpa cha kupeleka kwa mkuu wake. Weka pia daftari la tarehe na saa. Siku ya kikao, mzazi mwenye daftari husikilizwa kuliko mzazi mwenye uchungu tu. Si haki, ila ndivyo ilivyo.

"Akikaa nyumbani atajifunza adabu"

Mfikirie mtoto ambaye masikio yake hayavumilii kelele. Kengele inalia, watoto 40 wanasimama kwa mkupuo, viti vinakwaruza sakafu, naye anahisi kama kichwa kinapasuka. Anarusha kiti. Mama anaitwa, na baada ya nusu saa mtoto yuko nyumbani kwenye ukimya. Wakubwa wanasema ameadhibiwa. Mwili wake unajua jambo jingine: nilirusha kiti, kelele zikaisha. Wiki inayofuata hatasubiri kengele ilie. Huo si ujanja. Kila kiumbe hurudia kilichomwokoa jana, na shule, bila kujua, ndiyo iliyomfundisha njia ya kutokea.

Hapo ndipo adhabu hii inaposhindwa kwa watoto wadogo. Inajibu swali la nani aondoke na kuliacha swali la nini kilitangulia. Walimu wa elimu maalumu wana chombo rahisi kwa kazi hiyo: karatasi yenye safu tatu. Safu ya kwanza, nini kilitokea kabla. Ya pili, mtoto alifanya nini hasa (si "alikuwa mkorofi" bali "alimsukuma aliyekuwa mbele yake"). Ya tatu, nini kilifuata. Ikijazwa kwa wiki mbili bila kuruka siku, sura fulani huanza kujitokeza: karibu kila tukio ni la kupanga mstari, au la dakika za mwisho kabla ya mapumziko, au la somo la kuandika. Omba shule ijaze karatasi hiyo. Ukikuta wameshaijaza, omba nakala.

Tutofautishe pia kudeka na kuzidiwa, maana kwa mbali vinafanana. Anayedeka huchungulia kama anatazamwa, na akipewa anachotaka hunyamaza. Aliyezidiwa hata ukimpa hasikii. Atalia hadi nguvu zimwishie, halafu pengine alale. Katikati ya hali hiyo hakuna somo linaloingia. Maneno yapungue, taa na sauti zipungue, watu waondoke, asubiriwe hadi mwili wake utulie. Mazungumzo ni baadaye, tena mafupi.

Tusimtwishe mwalimu kila kitu. Aliye peke yake na darasa lililofurika hana mkono wa tatu. Mwaka 2005 Walter Gilliam wa Chuo Kikuu cha Yale alichapisha utafiti kuhusu madarasa ya awali yanayogharamiwa na majimbo nchini Marekani. Watoto wa madarasa hayo, wadogo kabisa, walikuwa wakifukuzwa kwa kiwango kinachozidi mara 3 ya kile cha wanafunzi waliowazidi umri, hadi mwisho wa sekondari. Na pale mwalimu alipokuwa na mtaalamu wa afya ya akili ya watoto wa kumwita aje darasani, kufukuza kulikuwa kuchache zaidi. Tofauti haikutafutwa kwa mtoto tu, bali pia kwa mwalimu kuwa na mtu wa kumsaidia.

"Ni malezi tu hayo"

Uvumi huu una ukoo mrefu, na wakati mmoja ulivaa koti la daktari. Katikati ya karne ya 20 wataalamu wenye majina makubwa walifundisha kwamba usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na tabia, huletwa na mama asiye na upendo. Maelfu ya akina mama walibebeshwa hatia hiyo. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha utafiti wa jozi 21 za mapacha ulioonyesha kwamba urithi wa kinasaba una nafasi kubwa katika usonji, na tafiti nyingi zilizofuata zimeelekea huko huko. Shangazi atakayekuambia umemdekeza hajayasoma hayo. Huna haja ya kumsomea, mjibu kwa ufupi uendelee na kazi. Malezi yana uzito katika jinsi mtoto anavyosaidiwa, ndiyo, lakini hayasababishi usonji, na hata kumlea mtoto kwa lugha mbili hakuuleti.

"Tusubiri cheti cha daktari kwanza"

Uchunguzi ni muhimu, na uanze mapema. Anza na yale yanayosahaulika kwa urahisi wake. Masikio: majimaji yakijikusanya nyuma ya ngoma ya sikio, mtoto husikia leo na kesho asisikie, akaitwa mkaidi. Macho. Usingizi. Choo kigumu na maumivu ambayo hana maneno ya kuyaeleza. Kuna kifafa kisicho na kuanguka wala mtikisiko, ambacho mtoto hukodoa macho kwa sekunde chache kisha akaendelea, pengine mara nyingi kwa siku, na mwalimu akaandika "hasikilizi." Kuna pia matatizo ya kuelewa na kutumia lugha yasiyo na chanzo kinachoonekana, hayo huwapata takribani asilimia 7 ya watoto, sawa na watoto 2 katika darasa la 30. Mtoto anayeshindwa kufuata agizo la hatua tatu, nje anafanana kabisa na anayekataa kulifuata.

Lakini usaidizi usingoje cheti. Kumkalisha mbali na mlango, kumwonyesha picha za ratiba ya siku, kumpa agizo moja kwa wakati mmoja, kumruhusu atoke dakika mbili kabla ya kengele: hakuna hata kimoja kinachohitaji muhuri wa hospitali. Foleni ya wataalamu inaweza kuwa ndefu, na utoto haungoji foleni.

"Sasa nyumbani ndiyo shule"

Wazazi wenye bidii ndio hunaswa hapa. Siku ya kwanza wanatoa madaftari, saa 2 hadi saa 8, na kufikia siku ya tatu nyumba nzima inalia. Kuna na upande wa pili: runinga kutwa, kwa kuwa "amefukuzwa, basi apumzike." Vyote viwili vitamtesa siku ya kurudi.

Siku mbili za mwanzo mwache atue. Kisha rudisha mifupa ya siku: kuamka saa ile ile, kuvaa, kula, kutoka nje, kazi ya mezani ya dakika 10, mchezo wa kutumia misuli, dakika 10 nyingine, utulivu. Ichore kwa picha ukutani na aigeuze kila picha inayokwisha. Mtoto asiyejua saa hutulizwa na kuona kinachofuata. Mjadala wa nani abaki naye ufanyike mapema, kwa kuwa kimyakimya mzigo humwangukia mtu mmoja, na huyo mtu mara nyingi huishia kuacha kazi.

Uzi wa shule usikatike. Mwalimu atume salamu ya sauti, mwenzake mmoja aje kucheza, kazi zije kwa wiki.

"Bado mdogo, haelewi"

Anaelewa vibaya, ambako ni kubaya kuliko kutoelewa. Katika umri huu mdogo watoto mara nyingi hujiona chanzo cha mambo yasiyowahusu. Akikusikia unalia kwenye simu ataamini amekuvunja yeye. Mwambie kwa maneno machache: "Shule ilikuwa na kelele sana kwako. Wakubwa tunatafuta namna ya kukusaidia. Mimi niko nawe." Kosa alilofanya litajwe pia, kwa jina lake, kwa kuwa kumsukuma mwenzake ni kumuumiza. Asiitwe yeye mwenyewe kosa.

"Mahali pake ni shule maalumu, atawarudisha nyuma wenzake"

Wapo watoto wanaostawi katika shule maalumu, na mzazi anayeichagua kwa kuijua hahitaji kujitetea. Tatizo ni inapogeuzwa jalala la wasiotakiwa. Tafiti kwa jumla hazionyeshi kwamba wanafunzi hushuka kimasomo kwa kukaa na mwenzao mwenye ulemavu. Kimataifa pia dira ni moja tangu Tamko la Salamanca la mwaka 1994, lililohimiza shule za kawaida ziwapokee watoto wote, na ibara ya 24 ya Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2006, inazitaka nchi wanachama zihakikishe mtu haondolewi katika mfumo wa elimu wa jumla kwa sababu ya ulemavu, na afanyiwe marekebisho yanayolingana na mahitaji yake.

"Akirudi, mambo yatakuwa kama kawaida"

Kama kawaida ndiko kulikomtoa. Kabla hajarudi, kaeni na shule mwandike majibu ya maswali madogo, yale yanayoonekana ya kitoto: nani atampokea langoni, kwa jina, akizidiwa ataenda kona gani, na ataombaje bila kusema, pengine kwa kadi ya rangi, nani atakaa naye kengele ikilia, nani atajaza ile karatasi ya safu tatu. Mkianza na saa chache, andikeni zitaongezwa lini na kwa kipimo gani, la sivyo saa mbili za majaribio zitakuwa za kudumu. Wekeni siku ya kukutana tena, isizidi wiki tatu.

Kisha, ikiwezekana, mpeleke jioni moja darasa likiwa tupu. Akague kiti chake, ajaribu ile kona, aifungue na kuifunga milango. Mwacheni achukue muda wake.