Mafua ya Mzio: Kabla Hujasema Dawa Imeshindwa

Lalamiko linalofika mara kwa mara kwenye kliniki za masikio, pua na koo ni hili: "Dawa ya kupuliza puani haifanyi kazi." Mgonjwa akiulizwa ameitumia siku ngapi, anajibu tatu. Dawa hizi za kupuliza za mzio (aleji), kama flutikazoni, beklometazoni na mometazoni, hazizibui pua papo hapo. Nafuu huanza baada ya siku chache, na nguvu kamili huweza kuchukua wiki 2, tena kwa kupuliza kila siku, hata siku ambayo hukupiga chafya.

Kosa la pili liko mkononi. Penga kamasi kwanza. Tikisa chupa. Ikiwa mpya, au imekaa siku kadhaa bila kutumika, puliza hewani mpaka utoke ukungu mwembamba. Inamisha kichwa mbele kidogo, usitazame dari. Mkono wa kulia upulize tundu la kushoto, wa kushoto upulize la kulia, ncha ikielekea upande wa sikio. Ukiielekeza kwenye ukuta wa katikati, pua itakauka na kutoa damu. Vuta hewa taratibu; ukivuta kwa nguvu, dawa inaishia kooni. Mtoa dawa aliyekukabidhi boksi bila kukuonyesha haya hajamaliza kazi yake. Mwombe akuonyeshe, kisha nawe ufanye mbele yake.

Dawa za kuzibua pua haraka, kama oksimetazolini, ni habari nyingine: zisizidi siku 5. Zikizidi, pua huziba upya kila nguvu inapoisha, mgonjwa anaongeza, inaziba zaidi. Wengi hawazitaji kliniki. Zitajeni, jamani.

Antibiotiki haitibu mzio. Mfamasia anayekataa kukuuzia amoksilini bila cheti cha daktari hakubanii. Ndivyo sheria inavyomtaka. Na ile sindano moja ya "kukata aleji" inayoulizwa kila wiki haipo.

Njoo na dawa zako zote, pamoja na siku ulizougua zikiwa zimeandikwa. Dalili za siku 4 au zaidi kwa wiki, zikizidi wiki 4 mfululizo, hazitoshelezwi na setirizini, kidonge cha aleji, ya hapa na pale. Ukipangiwa kipimo cha mzio cha ngozi, muulize daktari lini usimamishe vidonge vya aleji, kwa kawaida siku 7 kabla, la sivyo kipimo kitadanganya. Kikohozi cha usiku au kifua kubana, vitaje hata usipoulizwa: mara nyingi pumu huandamana na mzio wa pua, na kutibu pua peke yake kutakiacha kifua kilivyo.