Simu Yako Haina Kura FIDE

Nimechoka, mimi mwamuzi wa sataranji (chess). Kila shindano la blitz, mchezo wa dakika chache tu, hapa Lubumbashi, liwe Katuba, Kamalondo au Kampemba, hakosi kijana wa kusimama mezani, kuninyooshea simu usoni na kusema: "Muzee, kanuni zilishabadilika. Tazama, programu inasema ni sare." Safari hii kijana alikuwa na mfalme na pioni moja, mpinzani wake mfalme na farasi, na bendera ya kijana ikaanguka, yaani muda wake ukaisha. Nikampa mwenye farasi ushindi. Basi ikawa kelele hadi nje.

Kifungu cha 6.9 cha Kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, kinasema aliyeishiwa na muda ameshindwa, isipokuwa mpinzani wake hawezi kumpiga mati (kumshambulia mfalme asiwe na pa kukimbilia) kwa mfululizo wowote wa hatua halali. Wowote! Hakiulizi kama farasi anaweza kulazimisha mati. Kwa kawaida hawezi, hilo kila mtu analijua. Kinauliza kama mati inawezekana, hata kwa hatua za kijinga. Weka mfalme mweusi kwenye mraba wa a8 na pioni yake a7, kisha mfalme mweupe c8 na farasi c7. Ni mati. Pioni unayoing'ang'ania ndiyo inayomzibia mfalme wako njia. Ungekuwa huna hata hiyo, ningeandika sare na tungeenda kunywa chai.

Sasa mbona simu inasema vingine? Kwa sababu baadhi ya programu zinafuata kanuni za shirikisho la Marekani, ambako mfalme na farasi bila mati ya kulazimisha ni sare. Kule wana kitabu chao. Hakuna kilichobadilika. Mtengeneza programu alichagua kitabu kimoja akaacha kingine, nawe ukadhani dunia nzima imepiga kura.

Kura yenyewe inapigwa hivi. FIDE, iliyoanzishwa Paris mwaka 1924, ina Tume ya Kanuni. Tume inapokea mapendekezo, inayachambua, mengi inayatupa, mengine inayapeleka kwenye Mkutano Mkuu, na huko kila shirikisho la nchi lina kura moja. Kongo kura moja, Urusi kura moja. Maandishi tunayotumia leo yalipitishwa Chennai, India, mwaka 2022, yakaanza kazi tarehe 1 Januari 2023. Na ninyi mnaokuja na karatasi ya Kifaransa iliyochapwa hamjui na nani: maandishi yenye nguvu ni ya Kiingereza. Hata mimi haliniburudishi.

Wazee nao wasicheke vijana. Kuna kanuni iliyobadilika kweli, na hao ndio wanaoikataa. Zamani katika blitz ukifanya hatua haramu moja, umekwisha. Tangu 1 Januari 2018, ya kwanza haikuui: mpinzani anaongezewa dakika moja. Ya pili ndiyo inakuua. Na kumla mfalme, Papa, hakumalizi mchezo. Kumla mfalme ni hatua haramu yenyewe.

Halafu kanuni inaweza kwenda na kurudi, kama ile ya kudai sare baada ya hatua 50 bila kula wala kusogeza pioni. Kompyuta zilipoonyesha kwamba miisho fulani, yaani hali ambapo vipande vichache tu vimebaki, inahitaji hatua zaidi ya hizo 50, FIDE mwaka 1984 iliongeza kikomo kwa miisho hiyo hadi 100. Baadaye ikapunguza. Mwaka 1992 ikarudisha 50 kwa wote. Hesabu ya kompyuta ilikuwa sahihi. Wanadamu hawakutaka kukaa mezani hadi usiku.

Lakini kinachonikera zaidi ni watu kuchanganya Kanuni za mchezo na taratibu za shindano. Jinsi farasi anavyoruka si mali yetu. Saa ya kuchelewa ni mali yetu kabisa! Kifungu cha 6.7 kinamtaka mwandaaji atangaze mapema mchezaji anaruhusiwa kuchelewa kwa muda gani. Asipotangaza, ni sifuri. Hapo ndipo mnapopaswa kupiga kelele, kabla ya shindano, si baada ya jina kufutwa. Mtu anatoka Ruashi, mvua inanyesha, mabasi yamejaa, barabara imefungwa: dakika 30 ni haki, na hatuhitaji ruhusa ya mtu yeyote Ulaya. Tunakaa, tunabishana, tunaandika, tunabandika ukutani. Ukishabandika hubadilishi katikati, hata kama aliyechelewa ni mdhamini wa kombe. Tena Dibaji ya Kanuni inaruhusu shirikisho la nchi kuongeza kanuni za kina zaidi, mradi zisipingane na zile rasmi na zibaki ndani ya mipaka yake.

Na njia hiyo ya chini hupanda. Mwaka 2005 waandaaji wa shindano la Sofia, Bulgaria, waliwakataza wachezaji kukubaliana sare wenyewe kwa wenyewe. Ilikuwa taratibu ya ukumbi mmoja. Mashindano mengine yakaiga, na leo Kanuni zinamruhusu mwandaaji yeyote kuweka katazo kama hilo. Hawakuanza kwa kumfokea mwamuzi.

Kijana akitaka Kifungu cha 6.9 kibadilike, aandike pozisheni, yaani mpangilio wa vipande, aandike maneno mapya anayoyataka, aipe ligi yetu, ligi ipeleke kwa shirikisho. Nitasaini, maana moyoni naona Wamarekani wana hoja: kumpa mtu ushindi kwa mati ambayo asingeipata mbele ya mpinzani mwenye akili timamu kunanikwaza. Ila ningebaki na swali la mwamuzi. Nani ataamua, katika sekunde chache na watu wamenizunguka, kama mati "inaweza kulazimishwa"? Kifungu cha sasa ni kikatili lakini mara nyingi najibu haraka. Mara nyingi, si zote: pioni zikifungana ukuta kwa ukuta, nimewahi kukaa muda mrefu nikiitazama meza.

Kuna kingine ambacho vitabu havikisemi. Tangu 2014, hatua 75 zikipita bila kula wala pioni kusogea, mchezo ni sare hata kama hakuna aliyedai. Katika blitz hakuna anayeandika hatua, na mimi nina meza zaidi ya moja za kuangalia. Basi niambieni anayehesabu ni nani.