Asili ya Kihistoria ya Atlantis: Kisa cha Plato na Majanga Yaliyotokea Kweli

Atlantis ni jina la kisiwa kikubwa ambacho, kwa mujibu wa mwanafalsafa Plato wa Athene, kilikuwa makao ya dola yenye nguvu kabla ya kuzama baharini kwa mchana na usiku mmoja. Kisa hicho kinapatikana kwa mara ya kwanza katika majadiliano yake mawili, Timaio na Kritia, yaliyoandikwa yapata mwaka 360 KK. Hakuna mwandishi wa Kigiriki aliyemtangulia anayekisimulia, wala maandishi ya Kimisri yaliyopatikana hadi leo hayakitaji. Kila anayezungumzia Atlantis, hata akitumia ramani na mitambo ya kisasa, anarudi kwenye kurasa hizo chache.

Katika kurasa hizo, Kritia, mmoja wa wazungumzaji wa majadiliano hayo, anaeleza kwamba habari zilifika Ugiriki kupitia Solon, mtunga sheria wa Athene, aliyezuru Misri na kuzungumza na makuhani wa mji wa Sais katika delta ya Nile. Kisiwa kilikuwa ng'ambo ya Nguzo za Herakle, ambazo kwa kawaida huchukuliwa kuwa Mlango wa Bahari wa Gibraltar, na ukubwa wake ulizidi Libya (yaani Afrika waliyoijua Wagiriki) na Asia zikiunganishwa. Mungu wa bahari, Poseidon, alizaa huko jozi tano za mapacha wa kiume, na mkubwa wao, Atlas, akawa mfalme mkuu. Mji ulizungukwa na duara za maji na za nchi kavu, na wafalme wake walichinja fahali kila walipokutana kuhukumiana. Walipolewa mamlaka walivamia nchi za Mediterania, wakashindwa na Waathene wa kale, na baadaye matetemeko na mafuriko yakakimeza kisiwa chote. Makuhani walidai kwamba miaka 9,000 ilikuwa imepita tangu hapo.

Maswali mawili huchanganywa hapa, na mchanganyiko huo umeharibu mijadala mingi. Kuuliza Atlantis ilikuwa wapi si sawa na kuuliza Plato alipata wapi mambo ya kujengea kisa chake. Swali la kwanza limekwishajibiwa na wanajiolojia: sakafu ya Atlantiki ni miamba ya volkano inayozaliwa katikati ya bahari na kusukumwa pande mbili, na haina bara lililozama. Tena, miaka 9,000 kabla ya Solon, watu wa Ugiriki waliishi kwa kuwinda na kukusanya vyakula vya porini; hapakuwa na Athene ya kumshinda yeyote. Swali la pili ndilo lenye manufaa, kwa maana Wagiriki waliishi katika ardhi inayotetemeka mara kwa mara, kando ya bahari iliyowahi kuinuka na kufuta miji.

Jibu linalotajwa zaidi ni Thera, kisiwa kinachoitwa pia Santorini, kaskazini mwa Krete. Mwaka 1900 mwanaakiolojia Mwingereza Arthur Evans alianza kufukua kasri la Knossos huko Krete, na ustaarabu wa Waminoa uliosahaulika ukaonekana tena: mabaharia matajiri, wajenzi wa makasri, watu walioheshimu fahali katika ibada na michoro yao. Mwaka 1909 K. T. Frost, mhadhiri wa Belfast, alipendekeza kwamba Atlantis ni kumbukumbu ya Krete hiyo. Mwaka 1939 mwanaakiolojia Mgiriki Spyridon Marinatos alidai kwamba mlipuko wa volkano ya Thera ndio uliowaangamiza Waminoa, na mwaka 1967 akaanza kuchimba Akrotiri, mji uliofunikwa na majivu kisiwani humo. Zilipatikana nyumba za ghorofa, mifereji ya maji machafu na kuta zenye picha za merikebu, lakini si maiti za wakazi. Inaelekea wengi walihama baada ya matetemeko ya mwanzo.

Mlipuko wenyewe, uliotokea karibu na mwaka 1600 KK, ulikuwa miongoni mwa milipuko mikubwa zaidi ambayo binadamu wameishuhudia. Katikati ya kisiwa ilididimia, bahari ikaingia, na mawimbi ya tsunami yakapiga pwani ya Krete. Kwa kweli ni vigumu kusimama mbele ya ushahidi huu bila kumkumbuka Plato.

Hata hivyo, wanaoishikilia Thera hulazimika kurekebisha karibu kila kipimo alichokitoa. Krete haikuzama, na utamaduni wa Waminoa uliendelea kwa vizazi kadhaa baada ya mlipuko. Mtaalamu wa matetemeko Mgiriki Angelos Galanopoulos alijaribu kuokoa tarehe kwa kusema kwamba 9,000 ilikuwa 900 iliyosomwa vibaya, jambo ambalo lingetufikisha karibu na mwaka 1500 KK. Lakini alama ya Kimisri ya mia ni kamba iliyoviringwa na ya elfu ni ua la yungiyungi, na mwandishi wa Sais asingezichanganya kirahisi. Udhaifu mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ukimya: zaidi ya miaka elfu moja inatenganisha mlipuko na Plato, na hakuna mwandishi wa Kigiriki wa zama za Plato anayeueleza mlipuko huo.

Kwa sababu hiyo naona Helike inastahili kutazamwa zaidi kuliko inavyotazamwa. Mji huu wa Akaya, kando ya Ghuba ya Korintho, ulijulikana kwa hekalu la Poseidon. Usiku mmoja wa majira ya baridi mwaka 373 KK tetemeko liliuangusha, na wimbi la bahari likaufunika pamoja na watu wake. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki wa baadaye, anaandika kwamba watu 2,000 waliotumwa na Waakaya hawakuweza kuziopoa maiti. Wengi walisema ni ghadhabu ya Poseidon. Plato wakati huo alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka hamsini, na habari kama hiyo isingekosa kufika Athene. Alipoandika Timaio, yapata miaka kumi na mitatu tu ilikuwa imepita. Mabaki ya Helike yalipatikana mwaka 2001 na watafiti Dora Katsonopoulou na Steven Soter, si chini ya bahari bali nchi kavu, yakiwa yamefukiwa na tope la ziwa la kale lenye maji ya chumvi.

Kuna pia Atalante, kisiwa kidogo karibu na Eubea, ambako mwaka 426 KK, kama anavyosimulia mwanahistoria Mgiriki Thukidides, wimbi lililofuata tetemeko lilibomoa sehemu ya ngome ya Waathene. Wengine huelekeza macho Hispania ya kusini, kwa Tartessos, nchi iliyosifika kwa madini, kwa sababu Plato anamtaja pacha wa Atlas aitwaye Gadeiro aliyetawala upande unaoelekea Gades, yaani Cádiz ya leo.

Kutafuta mahali badala ya asili kumewahi kuleta dhuluma. Mwaka 1910 mtafiti Mjerumani Leo Frobenius alifika Ife, katika Nigeria ya leo, akaona vichwa vya udongo wa kuchoma na shaba vilivyofinyangwa kwa ustadi wa kushangaza. Badala ya kukiri kwamba ni kazi ya mababu wa Wayoruba, alidai kwamba vilitoka kwa walowezi wa Kigiriki wa kale, kwamba hiyo ndiyo Atlantis, na kwamba Olokun, mungu wa bahari wa Wayoruba, ni Poseidon. Leo inajulikana wazi kuwa sanaa ile ni ya Ife yenyewe. Jina la nchi ambayo haikuwahi kuwepo lilitumiwa kuwanyima watu waliokuwepo haki ya kazi za mikono yao.

Zaidi ya majanga, Plato alikuwa na siasa za mji wake mbele ya macho. Dola kubwa inayovamia na kushindwa na Athene ndogo inafanana na Uajemi iliyoshindwa Marathon mwaka 490 KK na Salamis mwaka 480 KK. Lakini bandari zilizojaa merikebu, utajiri wa biashara na tamaa ya kutawala visiwa vinafanana zaidi na Athene iliyofuata ushindi huo, ile iliyopeleka jeshi Sirakusa, mji wa kisiwa cha Sisilia, mwaka 415 KK na kulipoteza lote miaka miwili baadaye. Athene ya kale anayoisifu haina nguvu za baharini. Ina wakulima na walinzi wa nchi kavu, kama dola bora aliyoipendekeza kwingine. Kritia inakatika ghafla pale Zeu anapokusanya miungu ili azungumze, kabla ya vita kusimuliwa, hivyo sehemu ambayo ingefaa zaidi kulinganishwa na vita vya Uajemi au vya Sirakusa haimo katika maandishi tuliyo nayo.